Namba Kumi na Nne

Makena wangu,

Umetoka saa hii kwenda kuagana na wenzako wa kwaya, na umeyaacha masanduku mawili na ule mto wako wa kichwa karibu na mlango kana kwamba kesho tutaweza kuvisahau. Baba yako amelala, maana usiku anaingia kazini. Nimeketi kwenye meza ya jikoni. Nina kama saa mbili kabla hujarudi, na nimeamua kuzitumia zote kukuandikia.

Mambo ya kufua, kula, kulala mapema na kufunga mlango sitayagusa. Nimekuimbia hayo miaka kumi na minane, na kama hayajakuingia, karatasi haitayaingiza. Nataka tuzungumze kuhusu ile orodha. Najua unaikumbuka. Najua pia kwamba tangu siku uliyoiona hatujaizungumzia, tumeizunguka tu kama kiti kilichovunjika ambacho hakuna anayetaka kukitoa nje.

Unajua vile sisi kina mama wa ushirika tunavyofanya mambo. Mmoja anaandika kwenye kikundi cha simu kwamba Jumapili kuna chakula cha pamoja, anayeleta kitu ajiandikishe. Anaweka namba moja na jina lake. Wa pili ananakili orodha yote, anaongeza namba mbili, anairudisha. Wa tatu vilevile, mpaka simu inapata moto. Tumepanga hivyo harusi, matanga, na nani atawapokea wageni uwanja wa ndege. Nilipofanyiwa upasuaji, ni orodha hiyo iliyowalisha wewe na baba yako wiki tatu, mkala pilau ya watu hadi mkaichoka. Siwezi kuidharau. Bila hiyo sijui tungeishije hapa Marekani.

Kwa hiyo Mama Timo alipoweka orodha ya namna nyingine, mimi sikuiona kuwa ya namna nyingine. Juu kulikuwa na jina la kitabu ambacho wazazi walitaka kiondolewe kwenye maktaba ya shule yenu, na chini yake karatasi ndefu ya kueleza sababu. Karatasi sikuifungua. Nilikuwa nimetoka zamu, miguu imevimba, nimekaa ndani ya gari sijapata hata nguvu ya kuliwasha. Niliona majina kumi na matatu, na wote ninawajua, watu walionipikia. Nikanakili, nikaandika namba kumi na nne, Mama Makena, nikaweka na ile alama ya mikono ya kuomba, nikaenda nyumbani kuoga. Nafikiri ilinichukua muda mfupi kuliko kufunga mkanda.

Linalonichekesha na kuniuma kwa pamoja ni kwamba kitabu chenyewe kilikuwa jikoni kwangu. Ulikinunua kwa yule jirani aliyekuwa anauza vitu vyake vya zamani, kikakaa juu ya meza hii karibu mwezi mzima, na mimi nilikuwa nakitumia kuwekea sufuria. Ukitazama jalada la nyuma utaona duara. Hilo ni la ugali. Nilitia jina langu dhidi ya kitabu ambacho kila jioni nilikuwa nakipa kazi.

Halafu mwalimu wenu akawaonyesha majina ya wazazi, nawe ukamwona mama yako katikati ya wenzake. Nakumbuka ulivyoingia. Hukupiga kelele, ulikichukua kitabu chini ya sufuria, ukakiweka mbele yangu, ukaniuliza, "Mum, ulii-read ama uli-sign tu?"

Nikakujibu, "Ningesoma saa ngapi, na nyinyi mnataka kula?"

Ukasema, "So you just copied," ukaenda chumbani kwako. Kuanzia siku hiyo nikawa nikikuuliza kitu unaniambia "fine". Shule ni fine, mtihani ni fine, moyo ni fine. Mimi ni muuguzi, Makena. Hiyo "fine" naijua vizuri kuliko jina langu. Mgonjwa akishaona huna muda wa kumsikiliza, ndiyo anayokupa.

Ningependa kukuambia kwamba nilianza kukisoma kitabu kwa majuto, lakini nisikudanganye, ulikuwa umbea tu. Nilitaka kujua ni kitu gani nimekikataa. Nilikivika karatasi ya matangazo ya duka ili wenzangu wasilione jalada, nikakitia kwenye mfuko wa chakula, nikawa nakisoma kazini wakati wa mapumziko, kurasa nne, kurasa tano, na neno nisilolijua naliuliza simu. Ndiyo, mimi na umri wangu, naficha kitabu kama mtoto wa shule.

Wewe hadithi unaijua, lakini acha nikuambie jinsi ilivyoonekana kwangu mimi. Kuna mji, na juu ya mlango wa kila nyumba kuna taa ndogo. Ikiwa ya kijani, maana yake waliomo ndani wanawaza kama watu wengine. Ikigeuka ya njano, hakuna anayekuja kukukamata. Majirani wanapunguza tu salamu. Duka la mkate linakuambia mkate umeisha. Nilisubiri polisi tangu ukurasa wa kwanza na hawakuja, na jambo hilo likanisumbua sana. Vitabu vyenyewe mjini humo havikuchomwa wala kufungiwa. Watu walivirudisha wenyewe, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu kila mtu aliogopa kuwa wa mwisho kuonekana navyo. Nikafika mahali nikasema, ala, huyu mwandishi ametuona wapi?

Siku moja Mama Furaha alinikuta nasoma. Unamkumbuka, yule Mkongo anayekaa mtaa wa Vickery Meadow, ninayehudumia naye wazee wa upande wa mashariki kazini. Aliuliza ninasoma nini, nikamsimulia habari za taa. Akauliza ni nani anayeiwasha. Nikamwambia kitabu bado hakijasema, watu wa mji wenyewe hawajui, wengine wanadhani inasikia sauti. Mama Furaha alikula kidogo, akafikiri, halafu akasema, "Kwetu hakukuwa taa, dada. Ilikuwa tu batu. Unasema kitu, jirani anafunga dirisha, na wee unajua." Batu kwao ni watu.

Kurasa thelathini mbele, yule msichana wa kwenye kitabu akapanda juu ya kiti, akaifungua taa ya kwao, akakuta waya, akaufuata ukutani hadi ukaingia kwa jirani. Kila nyumba ilikuwa na kitufe cha taa ya nyumba nyingine. Nilikifunga kitabu nikaenda kumtafuta Mama Furaha nimwambie ameshinda. Alicheka tu, akaniambia nimalize, asije akaachwa katikati. Sasa nikawa nasomea watu wawili.

Lakini mimi sikucheka, kwa sababu ule waya ulinipeleka mahali ambapo sijawahi kukupeleka. Nisikilize hapa vizuri.

Nilipokuwa sekondari, shule ya bweni, barua hazikufungwa. Uliandika barua kwenu Jumapili mchana, ukaiweka kwenye bahasha iliyo wazi, ukamkabidhi mwalimu wa zamu aisome kwanza. Hiyo ilikuwa desturi, hakuna aliyeona ajabu. Mwalimu wetu alikuwa mtu mwema lakini mchovu, na mimi nilikuwa kiranja wa bweni mwenye mwandiko safi na sifa ya kuaminika. Basi akanigawia kazi hiyo. Aliniambia neno moja tu, kwamba barua zisiwatie wazazi wasiwasi. Hakunipa orodha ya maneno mabaya. Alinipa kalamu ya wino mweusi.

Ningependa kujua ni kitu gani kilinitokea wiki zile, maana mpaka leo nakishangaa. Mwanzoni nilifuta habari za wadudu kwenye maharagwe. Baadaye nikafuta habari za maji kukatika. Halafu za baridi. Hakuna aliyenisukuma. Nina hakika mwalimu mwenyewe angeiacha baridi ipite. Lakini mimi nilikuwa najaribu kukisia atakachochukia, na kwa kuogopa kukosea nikawa nafuta zaidi yake. Wasichana nao wakaniona ninavyofuta, wakaanza kuandika barua ambazo hazikuhitaji kufutwa. Muhula ulipokwisha kalamu ilikuwa haina kazi. Mwalimu akanisifu mbele ya gwaride.

Kulikuwa na msichana wa kidato cha pili, Nduku, kitanda cha juu karibu na dirisha. Mpole, hana makuu. Barua yake moja ilikuwa na salamu kwa kila mtu, na habari za mtihani, na mwishoni sentensi hii: Mama, naomba uje unione, hata kama ni dakika tano. Hakusema kwa nini. Niliisoma mara mbili. Nilijua kabisa kwamba sentensi hiyo itamtia mama yake wasiwasi. Nikaifuta, vizuri, mistari miwili ya wino, nikaacha salamu na mtihani.

Mama yake hakuja, angekujaje? Wiki ya tatu baada ya barua hiyo Nduku aliondoka shuleni bila ruhusa, kwa miguu, alfajiri, na hakurudi tena. Tuliambiwa yuko kwao salama, basi. Mimi sikumwambia mtu habari za ile sentensi. Nimeolewa na baba yako, nimevuka bahari, nimekuzaa wewe, sijawahi kumwambia mtu. Na unajua linalonisumbua zaidi? Si kwamba nilikosa, maana hilo nalijua. Ni kwamba mpaka leo sijui Nduku alitaka kumwambia mama yake nini katika zile dakika tano. Nilifuta swali kabla ya mtu yeyote kulisikia, na sasa hakuna wa kunijibu.

Basi nikiwa nimekaa pale kwenye chumba cha mapumziko na kitabu chako kilichovaa tangazo la kuku, nikaona kwamba ni mimi yuleyule. Mwandiko safi, mtu wa kuaminika, namba kumi na nne.

Sasa usidhani kitabu chenyewe nilikipenda chote. Sura ya tisa niliichukia. Pale msichana anaizima taa ya kwao na kuondoka mjini bila kumuaga mama yake, na mwandishi anataka tushangilie. Mimi sikushangilia. Nilitamani kukirarua. Nilijiuliza yule mama asubuhi alipika chai ya watu wangapi. Na hapo, mwanangu, nikamwelewa Mama Timo. Yeye aliisoma ile karatasi ya sababu, na mwanawe ndiyo kwanza ameanza kumfungia mlango wa chumba. Anaogopa kitabu kitamchukua. Mimi pia niliogopa. Tofauti ni kwamba baada ya kuichukia sura ya tisa nilitaka kujua ya kumi ina nini, na nikaifungua, na nikakuta yule msichana naye anaanza kujiuliza habari za chai. Ningekiondoa nikiwa pale kwenye sura ya tisa, ningebaki nimekasirika maisha yangu yote.

Nikaamua kujitoa kwenye orodha. Ungeniona ungecheka. Nilinakili orodha yote, nikafuta namba kumi na nne, nikairudisha kwenye kikundi bila maneno. Baada ya dakika mbili mtu akaongeza jina lake, lakini alikuwa amenakili ile ya zamani, kwa hiyo nikarudi. Nikajifuta tena. Nikarudishwa tena. Mara tatu. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, kila mtu alikuwa akinakili tu kilichokuwa mbele yake. Ilinibidi niende mwenyewe kwenye mkutano wa bodi ya shule. Ile jioni niliyokuambia nina mazoezi ya kwaya, nilikuwa huko.

Kila mtu anapewa dakika mbili kwenye maikrofoni, na juu ya meza mbele yako kuna kitaa kidogo cha kijani kinachokuhesabia. Nilipokiona nikashikwa na kicheko, na watu wakadhani nina kiburi. Nilisema Kiingereza changu hikihiki. Nikawaambia mimi ni namba kumi na nne, nilitia jina bila kusoma, sasa ninasoma, sijamaliza, na vitu vingine humo sivipendi, lakini naomba jina langu litoke. Nilitaka kuwaambia na habari za Nduku. Kitaa kikageuka njano, kikageuka chekundu, nikakaa. Mama mmoja nisiyemjua alinipa karatasi ya kufutia uso.

Kitabu sikukiokoa, usije ukamsimulia mtu kwamba mama yako ni shujaa. Kimewekwa nyuma ya kaunta, na mtoto anayekitaka lazima alete sahihi ya mzazi. Nao kina mama hawakunitukana. Jumapili iliyofuata orodha ya chakula ilizunguka, kila mtu akapangiwa kitu, mimi sikupangiwa. Hata chumvi. Nilikuja na chapati zangu ishirini hata hivyo, nikaziweka mezani, zikaliwa. Mwezi wa pili Mama Timo alinivuta kando kule kwenye maegesho, akatazama huku na huku, akaniuliza, "Kwani ndani kuna nini hasa?" Nikamwambia asome. Bado hajaamua. Namwombea, na ninamaanisha, maana ni mtu aliyenilisha.

Yote haya nilikuficha. Nilikuwa nasubiri wewe uulize, na wewe ulikuwa unasubiri mimi niseme, na kila mmoja wetu anatazama taa ya mwenzake.

Jambo jingine, na hili nalisema kwa aibu. Ile ramani kwenye simu, kidoti chako cha buluu. Ulidhani naangalia mara mojamoja ukichelewa. Nilikuwa naangalia kwenye mapumziko, kwenye lifti, hata kanisani wakati wa matangazo. Nilikijua kidoti chako kuliko uso wako. Siku uliyokaa saa nzima ndani ya gari kwenye maegesho ya duka, baada ya yale mambo yako na rafiki yako, niliona. Nilikiona kidoti kimekaa palepale, nikafurahi kwamba uko mahali salama. Ulipoingia nikakuuliza habari za siku, ukasema fine, nikakupakulia. Kidoti kinajua uko wapi, lakini uko namna gani hakijui, na mimi nilikubali kutojua. Leo asubuhi nimeiondoa hiyo ramani kwenye simu yangu. Nilimwomba baba yako anionyeshe, kwa sababu nilitaka iondoke kabisa nisiweze kuirudisha nikizidiwa. Kesho ukiingia bwenini kwenu huko Houston, sitakuwa na njia ya kukujua isipokuwa utakachoniambia. Naogopa, sitaki kukuficha hilo.

Kwa hiyo sina ushauri mkubwa. Utakutana na orodha nyingi huko, nyingine nzuri, nyingine zitakulisha ukiwa mgonjwa. Sikuambii usiandike jina lako. Fungua ile karatasi kwanza, basi, hata kama miguu imevimba. Na ukiona unafuta kitu ambacho hakuna aliyekuambia ukifute, simama ujiulize kalamu hiyo umepewa na nani. Mimi nilikuwa na umri kama wako na sikujiuliza.

Kitabu nimekiweka kwenye sanduku kubwa, chini ya shuka. Nimebakiza sura mbili za mwisho na sitazisoma peke yangu. Mama Furaha ananidai mwisho, nami nitakudai wewe. Ukifika, siku utakayopata nafasi, nisomee kwa simu. Nataka kusikia sauti yako mahali unapocheka, na mahali unapokataa.

Nina la mwisho la kukiri. Jumanne ya wiki iliyopita nilikuambia nimechukua zamu ya ziada. Haikuwa kweli. Unajua mimi naendesha gari ndani ya mji wetu wa Garland tu, na njia kubwa nikiiona naikwepa hata kwa nusu saa; tukienda mbali baba yako anaendesha na mimi nafumba macho. Basi siku hiyo nilitoka ulipoenda kazini, nikashika ile barabara kuu ya kusini, peke yangu, malori yananipita pande zote mbili. Nilisimama mara tatu. Mara ya kwanza nililia. Mara ya pili nilikula ndizi. Niliingia Houston, mtaa wa Sharpstown, kwa shangazi yako Kendi mchana, nikanywa chai yake, nikamwapisha asikuambie, halafu nikaenda hadi kwenye lango la chuo chako, nikalitazama, nikageuza gari. Jioni nilikuwa hapa napika, ukaniambia naonekana nimechoka, nikakujibu niko fine.

Sikuwa fine, Makena. Nilikuwa najifunza njia. Ni mwendo wa saa nne, na nusu saa ya kulia. Siku yoyote ukiwa huko ukaihitaji ile sentensi ya Nduku, iandike kama ilivyo, huhitaji kueleza kwa nini. Hata kama ni dakika tano.

Mama yako